Kivuli si Mizani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Eksirei na Densiti ya Mashapo

Oktoba na Novemba 2016, juu ya Ziwa Chala, lile ziwa la kreta ubavuni mwa Kilimanjaro linalogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, wachimbaji walishusha mabomba kwenye maji ya kina cha mita 90 na zaidi. Walipofika sakafuni hawakusimama. Walizama ndani ya tope lenyewe hadi mita 214.8. Walichopandisha ni miche ya mashapo: mitungi mirefu ya tope ndani ya mabomba ya plastiki, mithili ya miche ya sabuni ambayo bado haijakatwa vipande. Ndani yake mna kumbukumbu ya miaka kama 250,000 ya mvua, ukame, upepo na majivu.

Mche ukishafika maabara, hamu ya kwanza ni kuuchungulia kabla ya kuupasua, na eksirei inaruhusu hilo. Hamu ya pili ni kujua densiti yake, yaani gramu ngapi zimo katika kila sentimita moja ya ujazo. Densiti ndiyo inayogeuza sentimita za tope kuwa gramu za tope. Bila hiyo huwezi kusema ziwa lilipokea udongo kiasi gani kwa mwaka, wala kaboni kiasi gani imezikwa humo. Hamu hizi mbili zikikutana, ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu picha ya eksirei inafanana sana na ramani ya densiti.

“Palipong'aa ndipo palipo pazito”

Hii ndiyo dhana mama, nami nitakaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kwenye picha ya eksirei tuliyoizoea, ile ya mfupa uliovunjika, kilichozuia miale mingi hutoka cheupe, na kilichoiachia ipite hutoka cheusi. Tabaka la mchanga hung'aa, tope laini hufifia. (Wapo watafiti wanaoigeuza picha, cheupe kikawa cheusi. Kwa hiyo kabla ya kusoma chochote, uliza kwanza picha iliyo mbele yako imepangwa vipi.) Ukitazama mchanga na tope tu, ni rahisi kuamini kwamba weupe na densiti ni kitu kimoja.

Weupe ule ni kivuli. Unaonyesha kiasi cha miale kilichokwama njiani, na miale hukwama kwa sababu tatu zilizochanganyika pamoja: unene wa tope ambalo miale imelipitia, densiti ya tope hilo, na aina ya atomi zilizomo. Picha inakupa jumla ya yote matatu katika rangi moja ya kijivu. Kuitenga densiti humo ni kazi, na haifanyiki kwa kutazama.

Jambo hili lilijulikana tangu siku za kwanza kabisa. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale hii huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na ripoti yake ya kwanza ilitoka kabla mwaka haujaisha. Katika ripoti hiyo anaeleza alivyopitisha miale kwenye vibao vya kioo, alumini, kwatsi (madini ya mchanga) na kalisaiti (madini ya chokaa), vyote vyenye unene unaokaribiana. Densiti za vitu hivyo vinne hazipishani sana. Kama densiti pekee ndiyo ingeamua, vivuli vyote vinne vingelingana. Vitatu vilikaribiana, ila kalisaiti ilizuia miale kuliko wenzake, kwa tofauti iliyoonekana wazi.

Ripoti hiyohiyo inataja picha ya mawe ya mizani yaliyofungiwa ndani ya kisanduku. Huwa naikumbuka kila ninapomsikia mtu akisoma densiti moja kwa moja kutoka kwenye skrini. Mawe ya mizani unayaona, umbo lake unalijua, hata idadi yake unaihesabu, lakini uzito wake picha haiutaji.

Siri ya kalisaiti ni kalisi. Atomi ya kalisi ina namba atomia (idadi ya protoni zake) 20, silikoni ya kwenye kwatsi ina 14, na oksijeni 8. Miale yenye nishati ndogo hunaswa na atomi nzito kwa pupa kubwa mno: namba atomia ikipanda, uwezo wa kunasa hupanda karibu kwa kipeo cha tatu. Kwa miale ya kiloelektroni-volti 60 (kipimo cha nishati ya miale), gramu moja ya kalisaiti huzuia karibu mara moja na nusu ya gramu moja ya kwatsi. Lakini densiti ya kalisaiti ni 2.71, na ya kwatsi ni 2.65. Ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha kwa uzito, ilhali kwenye picha moja inawaka na nyingine imepoa.

Sasa rudi ziwani. Maziwa mengi ya Bonde la Ufa yana misimu ambayo chokaa hujitenga kutoka kwenye maji na kutua chini. Utepe mweupe kwenye picha unaweza kuwa mchanga ulioletwa na mafuriko, na unaweza kuwa chokaa ya kipindi kikavu. Hizi ni habari mbili zinazopingana, zote zimevaa rangi moja. Ongeza pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayozaliwa ndani ya tope lisilo na hewa. Densiti yake ni karibu 5 na chuma ina namba atomia 26, kwa hiyo punje chache tu humetameta kama nyota na kumfanya msomaji adhani tabaka zima ni zito.

Dawa yake ni kuongeza nishati. Miale ya gama, ndugu wa eksirei, itokayo kwenye seziamu-137, elementi yenye mionzi, ina kiloelektroni-volti 662. Kwa nishati hiyo, miale hugongana na elektroni mojamoja bila kujali sana elektroni hizo ni za atomi gani, na madini ya kawaida yote yana idadi inayokaribiana ya elektroni kwa kila gramu. Kwatsi na kalisaiti hapo huwa ndugu. Ndiyo sababu mashine zinazopima densiti ya mche mzima, sentimita kwa sentimita, hutegemea gama. Hata hivyo haziachiwi zijisemee zenyewe. Maji, kwa ajili ya haidrojeni yake, yana elektroni zaidi kwa gramu kuliko madini, kama asilimia 11. Tope la ziwa limejaa maji. Kwa hiyo kabla ya kazi, mpimaji hupitisha bomba la plastiki la aina ileile lililojazwa maji, lenye fimbo ya alumini iliyochongwa kwa ngazi ndani yake, penye unene huu na penye unene ule. Alumini imechaguliwa kwa sababu densiti yake, 2.7, na tabia yake mbele ya miale vinashabihi madini ya kawaida. Mashine hufundishwa kwanza mchanganyiko wa maji na alumini, ndipo ikubaliwe kusema juu ya maji na udongo.

Gama nayo ina upungufu wake: boriti yake, yaani mkondo wa miale inayotoka, ni nene, milimita kadhaa, kwa hiyo tabaka za mwaka mmojammoja zenye unene wa milimita moja au chini ya hapo huzipita bila kuzitenganisha. Eksirei huziona vizuri kabisa. Binafsi naona zinapaswa kufanya kazi pamoja, gama itoe namba na eksirei itoe mistari. Njia nyingine ni kupiga mche huohuo kwa nishati mbili tofauti. Ukiwa na vivuli viwili vya kitu kimoja, unaweza kutatua mafumbo mawili: densiti, na aina ya atomi.

“Mche ni mche, unene hauhusu”

Unahusu mno. Chukua mche wa kipenyo cha sentimita 6.6 uliopasuliwa katikati. Katikati yake tope lina unene wa sentimita 3.3, na ukielekea pembeni linapungua hadi sifuri. Picha itaonyesha ukanda mweupe wa kati unaofifia pande zote mbili, na mgeni atadhani tope la kati lilishindiliwa.

Upungufu wa miale haufuati hesabu ya kujumlisha. Kama sentimita moja ya tope inapitisha nusu ya miale, mbili hupitisha robo, na tatu hupitisha thumni. Kosa dogo la unene hugeuka kosa kubwa la densiti. Wanaotaka densiti kutoka kwenye picha bapa hukata kipande chenye unene sawa, mara nyingi sentimita moja, na kuweka pembeni yake ngazi ya alumini ndani ya picha ileile. Kijivu cha tope kinalinganishwa na kijivu cha ngazi. Picha isiyo na ngazi inaweza kuwa nzuri sana kwa kuona nyufa, vishimo vya wadudu na tabaka. Kwa namba, haina pa kuanzia.

“CT ya hospitali inatoa namba, basi namba ndiyo densiti”

Mashine ya CT huzungusha eksirei kuzunguka mche na kujenga taswira ya ndani kwa pande zote tatu, hivyo lile tatizo la unene linapungua sana. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT tarehe 1 Oktoba 1971 jijini London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg. Kipimo kinachotumika kwenye picha hizo kina jina la Hounsfield: hewa ni −1000, na maji ni 0.

Tazama vitu viwili vilivyowekwa kuwa nguzo za kipimo hicho. Ni hewa na maji. Ngazi ile imejengwa kwa ajili ya miili yetu, ambayo sehemu kubwa ni maji. Mashapo yana kwatsi, kalisaiti, feldispa, oksidi za chuma na kioo cha volkano, na ngazi haikuwahi kufundishwa hata kimojawapo. Namba 900 iliyotoka kwenye tope la ziwa moja na namba 900 ya tope la ziwa jingine zinaweza kuwa densiti mbili tofauti, kwa sababu ileile ya Röntgen na kibao chake cha kalisaiti.

Kuna hila nyingine inayowanasa hata wazoefu. Miale itokayo kwenye mashine ni mchanganyiko wa minyonge na yenye nguvu. Minyonge hunaswa mapema kwenye ngozi ya mche, na inayofika katikati ni ile yenye nguvu tu, ambayo hupita kwa urahisi. Mashine ikipiga hesabu, huona ngozi ya mche imezuia sana na moyo wake umezuia kidogo. Matokeo yake, tope lilelile huonekana zito pembeni na jepesi katikati. Niliwahi kuona mtu akiandika maelezo marefu kuhusu tope “lililokauka pembeni”, akidhani amegundua jambo, na mche ulikuwa na maji sawasawa kote. Wapimaji huweka karatasi ya shaba mbele ya boriti ili iichuje miale minyonge mapema, hutumia sehemu ileile ya mche kwa kila kipimo, na hupitisha kwenye mashine hiyohiyo mirija ya vitu vyenye densiti inayojulikana.

“Weusi ni tundu lililokuwemo tangu zamani”

Mara nyingine ni kweli. Minyoo na mizizi huacha njia zake, na kuziona zikiwa zimetulia ndani ya tope ni raha ya kazi hii. Lakini nyufa nyingi nyeusi zinazokatiza mche, zenye ncha kali na zilizopangwa kama vipande vya mkate uliokatwa, zimezaliwa siku mche ulipopandishwa.

Tope lisilo na oksijeni hutengeneza methani. Chini ya mita 90 za maji, kama pale Chala, shinikizo ni karibu mara kumi ya lile la juu ya maji. Mche ukipanda, gesi iliyokuwa imebanwa hutanuka karibu mara kumi, inatafuta nafasi, na tope linapasuka. Densiti inayopimwa katikati ya ufa kama huo ni ya gesi na tope kwa pamoja, wala haihusu ziwa la kale hata kidogo. Wanaojua kazi huzitia alama nyufa hizi kwenye picha, kisha huzitoa kwenye hesabu kabla ya kutafuta wastani. Hapa eksirei haina mpinzani: ni yenyewe inayokuambia wapi gama ilipima tope na wapi ilipima pengo.

“Densiti ni moja tu”

Ni mbili, na kuzichanganya kunaharibu kazi kuliko hitilafu yoyote ya mashine.

Chukua bomba la sindano lililokatwa ncha, lichomeke kwenye mche, utoe sentimita 10 za ujazo za tope. Tuseme zina uzito wa gramu 12.5. Weka kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha, upime tena, na zibaki gramu 4. Densiti mbichi ni 1.25. Densiti kavu ni 0.40. Zilizopotea ni gramu 8.5 za maji, yaani sentimita 8.5 za ujazo, kwa hiyo udongo wenyewe ulichukua sentimita 1.5 tu za ule ujazo. Gawa gramu 4 kwa 1.5 utapata karibu 2.67, densiti ya chembe za madini ya kawaida. Hesabu imejifunga yenyewe, na ndivyo unavyojua hukumwaga kitu njiani.

Eksirei na gama huliona tope likiwa na maji yake, kwa hiyo zinakaribia densiti mbichi. Anayetafuta kaboni iliyozikwa au udongo ulioletwa na mto anahitaji densiti kavu. Katika mfano huu moja ni zaidi ya mara tatu ya nyingine. Ukijua densiti ya chembe unaweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine kwa hesabu. Lakini chembe za diatomu, vimelea vidogo vya majini vyenye maganda ya silika, zina densiti ya karibu 2, si 2.65, na mabaki ya mimea ni mepesi zaidi, kwa hiyo daraja hilo hujengwa upya kwa kila ziwa, na mara nyingine kwa kila tabaka.

Swali la rangi tulimalize hapahapa, kwani linafuata palepale. Jicho huona utepe mweupe wa diatomu na kuudhania jiwe, na huona tope jeusi na kulidhania laini. Aliyewahi kushika bonge la lile jiwe jeupe linalochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, anajua jinsi linavyoshangaza mkono kwa wepesi: ni maganda ya diatomu, yamejaa vitundu. Ndani ya mche vitundu hivyo hujaa maji. Kwenye picha ya eksirei utepe huo mweupe mara nyingi hugeuka kivuli, na mfinyanzi mweusi ndio unaong'aa.

“Kadiri unavyoshuka ndivyo tope linavyozidi kuwa zito”

Kwa wastani ndivyo, kwa kuwa uzito wa juu hukamua maji ya chini. Ila habari tamu hukaa pale kanuni hii inapovunjika.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao nyumbani. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya miche iliyotolewa kwenye Ziwa Viktoria, pamoja na uchunguzi wa sakafu yake kwa mawimbi ya sauti. Juu kuna mita kadhaa za tope laini lililojaa maji. Chini yake, ghafla, kuna tabaka gumu lenye maji kidogo, lenye vijizizi na dalili nyingine za ardhi iliyowahi kuwa wazi juani. Mabadiliko hayo hayakwenda taratibu kama mkamuo wa kawaida unavyokwenda. Ni ukuta. Tope lililokauka na kupasuka likawa udongo, kisha maji yakarudi na kuanza kulifunika upya, kiasi cha miaka 14,500 hadi 15,000 iliyopita. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikauka, au lilikaribia sana kukauka, na moja ya ushahidi ni kwamba gramu za maji katika tope zilishuka ghafla pale ambapo hazikupaswa kushuka.

Wavuvi wa Mwanza wanawajua furu, samaki wadogo wa jamii nyingi mno ambao ziwa hilo linasifika nao duniani kote. Tabaka lile gumu liliwasha mjadala mkali miongoni mwa wanabiolojia: kama ziwa lilikuwa kavu juzijuzi tu kwa kipimo cha dunia, mamia ya aina za furu walitoka wapi, na kwa kasi gani? Mjadala huo ulianzia kwenye ugumu na ukavu wa tope, na kwangu mimi hakuna sababu nzuri kuliko hiyo ya kupima densiti kwa uangalifu.

Kanuni hiyo huvunjika pia kwa njia ndogondogo. Maporomoko ya chini ya maji huleta mchanga mzito na kuutandaza juu ya tope jepesi. Jivu la volkano huacha utepe mwembamba wenye ukingo mkali. Mafuriko huacha tabaka ambalo chembe zake kubwa zimelala chini na ndogo juu, na densiti yake hupungua polepole ukipanda, jambo ambalo macho hukosa na eksirei huliona.

“Eksirei inaona kila kitu, kupasua mche ni kupoteza muda”

Huona kinachozuia miale tofauti na jirani yake, basi. Toba, volkano ya Sumatra, ililipuka miaka kama 74,000 iliyopita, na jivu lake lilifika mpaka Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu wa ng'ambo wanaliita Malawi. Miche ya ziwa hilo ilichimbwa mwaka 2005, na kisima cha kina zaidi kilizama mita 380 chini ya sakafu. Matokeo kuhusu jivu hilo yalichapishwa mwaka 2013. Lilikuwa chembe za kioo zilizotawanyika ndani ya tope, zisizoonekana kwa jicho, na zilipatikana kwa kuchuja tope na kulitazama kwa hadubini. Hapakuwa na utepe wa kuzuia miale. Picha iliyopigwa kabla ya kupasua inakusaidia uamue wapi pa kukata na wapi pa kuacha, na hilo lina thamani kubwa. Lakini kazi ya vidole na hadubini ipo palepale.

Wengine huchanganya picha hii na mashine nyingine inayotumia eksirei, ile inayopiga uso wa mche na kusoma mwanga wa atomi unaorudi ili ijue kuna chuma, kalisi au titani kiasi gani. Hiyo haipimi densiti. Kwa elementi nyepesi kama silikoni na alumini husoma sehemu tu ya milimita moja ya juu kabisa, hivyo tone la maji au mkwaruzo wa kisu huiyumbisha.

“Tope likishapigwa eksirei lina mionzi”

Halina. Miale ikizimwa imekwisha, kama taa. Hata umri wa kaboni-14 haubadiliki. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wapimaji wa umri kwa mwanga ulionaswa ndani ya punje za mchanga, kwa kuwa wanachohesabu ni dozi ya mionzi ambayo punje imepokea tangu ilipofukiwa. Mashapo hupokea kwa asili kiasi cha grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 1 hadi 4 kwa miaka 1,000. CT ya miligrei 20 ni sawa na kuongeza miaka michache tu, kitu kidogo kwa tope la miaka 100,000, si kidogo kwa tope la jana. Hao hutoa sehemu yao mapema, gizani, na kuandika wazi nini kilipigwa na nini hakikupigwa.

“Bila mashine hizi hatuwezi kupima”

Dhana hii inaniuma kuliko nyingine, maana nimeona inavyowakatisha tamaa vijana wenye akili. Mizani, oveni na bomba la sindano lililokatwa ncha ndivyo vinavyoamua, na ndivyo ambavyo mashine za mamilioni huenda kuulizwa kama zimesema kweli. Maabara ya sekondari inaweza kuwa navyo.

Fikiria tope la mikoko, kwenye Delta ya Rufiji au Gazi, kule Kwale. Kaboni iliyomo ni densiti kavu mara asilimia ya kaboni mara unene. Kwa densiti kavu ya 0.40, kaboni asilimia 8 na unene wa mita moja, unapata kilo 32 kwa kila mita ya mraba, yaani tani 320 kwa hekta. Sasa tuseme bomba lilisukumwa kwa nguvu hadi sentimita 100, lakini ndani yake limepanda tope la sentimita 80 tu, kwa sababu tope lilibanwa. Gramu ni zilezile ndani ya urefu mdogo, kwa hiyo densiti itasomeka 0.50. Anayezidisha 0.50 kwa sentimita 80 anapata jibu sahihi. Anayezidisha kwa 100, kwa sababu bomba lilizama 100, ameongeza tani 80 za kaboni ambayo haipo, kwa kila hekta.

Eksirei ya mche huo ingemwonyesha tabaka zilizokunjwa kuelekea chini kandokando ya ukuta wa bomba, alama ya kubanwa, na hata ni kina kipi kilichobanwa zaidi. Kama hana eksirei, ana utepe wa kupimia: apime kutoka mdomo wa bomba hadi tope la ndani, kisha kutoka mdomo huohuo hadi tope la nje, kabla ya kuling'oa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili aiandike kwa kalamu isiyofutika juu ya bomba lenyewe.